Wapapua wa Ng'ambo, Wapapua wa Nyumbani: Uhakiki wa Tamko la Honiara

Mwishoni mwa Juni 2015 viongozi wa Melanesia walikutana Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, wakafunga mkutano wao kwa tamko la pamoja. Humo mlikuwa na maamuzi mawili yaliyokaa bega kwa bega. La kwanza liliupa Umoja wa Harakati za Ukombozi wa Papua Magharibi, unaofahamika kwa ufupisho wa ULMWP, nafasi ya mwangalizi katika kundi la nchi za Melanesia liitwalo MSG. La pili liliipandisha Indonesia, dola inayoitawala Papua Magharibi, kutoka uangalizi hadi uanachama mshiriki. Wanaharakati wa Papua waliupokea uamuzi wa kwanza kama ushindi, nao walikuwa na sababu. Baada ya zaidi ya miaka hamsini chini ya Indonesia, chombo cha serikali za kanda yao kilikuwa kimewatengea kiti chenye jina lao.

Tatizo ni kishazi kimoja. Tamko linasema kwamba ULMWP unaingia kwa niaba ya Wapapua wanaoishi nje ya nchi. Kwa kishazi hicho kifupi, watu waliokuwa wakiomba kutambuliwa kama taifa waligeuzwa kuwa wakimbizi na wahamiaji wenye msemaji. Waliobaki Jayapura, Wamena, Sorong na Merauke, ambao ndio wengi mno, hawakuachiwa nafasi katika sentensi hiyo.

Nakusudia kulisoma tamko la Honiara kwa makini yaleyale tunayoyatumia katika kazi ya fasihi: nani ni kiima, kitenzi kinamgusa nani, kishazi gani kinapanua maana na kipi kinaibana. Sioni kwamba huku ni kuchezea maneno. Watu wasio na dola hawana balozi, hawana kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, wala hawana sahihi inayohesabika kwenye mikataba. Utambuzi wao hutolewa au hunyimwa ndani ya sentensi zilizoandikwa na wengine. Na kwa Papua Magharibi sentensi hizo zimekuwa zikifanya kazi ileile tangu 1962: kuwataja watu huku zikiwaondoa katika nafasi ya kutenda.

Ibara ya 18 na watendwa wake

Papua Magharibi ni nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea. Indonesia ilipopata uhuru wake, Uholanzi ilikataa kuiachia sehemu hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaanza kuiandalia njia yake yenyewe ya kujitawala. Tarehe 1 Desemba 1961 bendera ya Nyota ya Asubuhi ilipandishwa rasmi kando ya ile ya Uholanzi. Miezi minane baadaye, tarehe 15 Agosti 1962, Uholanzi na Indonesia zilitia sahihi Mkataba wa New York chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa na msukumo mkubwa wa Marekani. Eneo liliwekwa kwa muda mikononi mwa Umoja wa Mataifa, kisha tarehe 1 Mei 1963 likakabidhiwa Indonesia, kwa masharti kwamba wananchi wangepewa baadaye nafasi ya kuamua wenyewe.

Mkataba una pande mbili tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hapa Wapapua hawakuwepo. Hata hivyo maandishi yenyewe yanawataja sana, na kitovu chake ni Ibara ya 18. Kiima cha ibara hiyo ni Indonesia: ndiyo itakayofanya matayarisho, ikisaidiwa na mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, ili watu wa eneo wapewe fursa ya kuchagua. Watu wamewekwa mwisho wa sentensi, ni wapokeaji wa fursa iliyoandaliwa na yule ambaye uamuzi wao ungemhusu kuliko mwingine yeyote.

Ibara hiyo inaendelea kwa vipengele, na viwili kati yake vinahitaji kusomwa pamoja. Kipengele cha kwanza kinaitaka Indonesia ifanye mashauriano na mabaraza ya wawakilishi kuhusu taratibu na njia zitakazofaa kupima matakwa ya wananchi. Kipengele cha nne kinasema kwamba watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wasio raia wa kigeni, wana sifa ya kushiriki katika tendo lenyewe la kujiamulia, nalo lifanywe kwa kufuata desturi za kimataifa. Mgawanyo wa kazi uko wazi. Mashauriano ni ya kupanga njia. Tendo ni la watu wazima wote.

Mwaka 1969 mpaka kati ya vipengele hivyo ulifutwa. Indonesia iliteua wawakilishi wapatao 1,025 katika jamii ya watu karibu laki nane, ikawakusanya wilaya kwa wilaya kati ya Julai na Agosti, nao wakatamka kwa kauli moja, mbele ya maofisa na wanajeshi, kwamba wanataka kubaki Indonesia. Mashauriano yaliyokusudiwa kutafuta njia yakawa ndiyo tendo, na watu wazima wote wakafupishwa kuwa wawakilishi. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, Fernando Ortiz-Sanz wa Bolivia, aliandika katika ripoti yake kwamba alikuwa na mashaka kuhusu jinsi ibara inayohusu uhuru wa kujieleza na kukusanyika ilivyotekelezwa.

Msomaji atauliza: je, dhuluma hii ilitoka katika maandishi, au katika nguvu ya bunduki? Bila shaka nguvu ilikuwepo. Ila maandishi ndiyo yaliyoipa nguvu hiyo mahali pa kupita. Sentensi inayomfanya mtawala kuwa mtendaji pekee, na mtawaliwa kuwa mpokeaji, tayari imeshaamua ni nani atakayefasiri vipengele vinavyofuata.

Kitenzi cha 1969 na vitenzi vya 1986

Tarehe 19 Novemba 1969 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 2504 kwa kura 84, hakuna aliyepinga, na nchi 30 zikajizuia. Nyingi kati ya hizo 30 zilikuwa za Afrika. Ghana ilijaribu kuongeza marekebisho ya kuwapa Wapapua nafasi nyingine ya kuamua kabla ya mwisho wa mwaka 1975, yakashindwa. Kwa msomaji wa Afrika jambo hili si dogo: wakati kanda ya Pasifiki ilikuwa bado haina nchi huru za kutosha kuwasemea Wapapua, waliojaribu kuizuia sentensi ile isipite hivihivi walikuwa Waafrika. Baadaye, katika miaka ya 1970, Senegal ya Rais Senghor iliwaruhusu wapigania uhuru wa Papua kuwa na ofisi Dakar.

Mara nyingi huambiwa kwamba azimio namba 2504 liliidhinisha Papua Magharibi kuwa sehemu ya Indonesia. Ukilisoma, kitenzi chake ni kidogo kuliko hapo. Baraza linachukua taarifa ya ripoti ya Katibu Mkuu, kisha linatoa shukrani kwake na kwa mwakilishi wake kwa kutimiza majukumu waliyopewa na mkataba wa 1962. Yambwa la kitenzi ni ripoti. Yambwa la shukrani ni maofisa. Azimio halithibitishi kwamba watu walichagua kwa hiari, wala halitamki kwamba haki yao imetimia. Limepokea karatasi na kuwashukuru walioileta. Uzito ambao Indonesia imeupata kwa azimio hilo kwa zaidi ya nusu karne umetokana na usomaji uliokijaza kitenzi dhaifu maana ambayo hakikuibeba.

Sasa liweke kando ya azimio jingine la Pasifiki, namba 41/41 A la tarehe 2 Desemba 1986, kuhusu Kaledonia Mpya. Ufaransa ilikuwa imeacha kutoa taarifa za koloni hilo kwa Umoja wa Mataifa tangu 1947. Wakanaki, wenyeji wa visiwa hivyo, waliunda mwaka 1984 muungano wa vyama vya ukombozi uitwao FLNKS, chini ya Jean-Marie Tjibaou, na wakazigeukia nchi jirani. Agosti 1986 Jukwaa la Pasifiki Kusini, likikutana Suva, liliamua kulipeleka suala hilo New York. Azimio lililopatikana lina vitenzi vya aina nyingine kabisa. Linaamua kwamba Kaledonia Mpya ni eneo lisilojitawala kwa maana ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Linatamka kwamba Ufaransa ina wajibu wa kutoa taarifa. Linathibitisha haki isiyoondoleka ya watu wa Kaledonia Mpya ya kujiamulia na kupata uhuru. Kura zilikuwa 89 dhidi ya 24, na nchi 34 zikajizuia.

Tofauti ya kura inafundisha. Azimio la 1969 halikupingwa na yeyote kwa sababu halikusema kitu kizito. La 1986 lilipingwa na nchi 24 kwa sababu lilisema. Na kilicholiwezesha kusema ni kanda: nchi chache ndogo za visiwa, nyingine zikiwa na umri wa miaka sita au kumi tangu zipate uhuru, zilizokubali kuikasirisha Ufaransa. Wapapua hawakupata bahati hiyo. Eneo lao halimo katika orodha ya maeneo yasiyojitawala yanayosimamiwa na Kamati ya 24, ile ambayo Salim Ahmed Salim wa Tanzania aliiongoza katika miaka ya 1970. Kwao mlango wa New York ulifungwa mwaka 1969, na ndiyo maana kanda haikuwa kituo cha njiani bali njia yenyewe.

Mwavuli wa makundi matatu

MSG lilizaliwa kutokana na suala la Wakanaki. Papua New Guinea, Visiwa vya Solomon na Vanuatu zilianza kukutana katikati ya miaka ya 1980 zikiwa na wawakilishi wa FLNKS, zikatia sahihi kanuni za ushirikiano Port Vila mwaka 1988, na Fiji ikajiunga mwaka 1996. FLNKS ukawa mwanachama kamili, wenye kiti sawa na dola, hata ukashika uenyekiti kati ya 2013 na 2015. Hili ni jambo la ajabu katika diplomasia ya dunia: muungano wa vyama usio na nchi huru ukiongoza mkutano wa mawaziri wakuu.

Kwa hiyo mwaka 2013 Wapapua walipopeleka ombi lao la uanachama, kupitia kundi lao moja lililoitwa WPNCL, walikuwa na mfano hai mbele yao. Tamko la mkutano wa mwaka huo uliofanyika Nouméa, mji mkuu wa Kaledonia Mpya, lilitamka kwamba MSG linaunga mkono kikamilifu haki zisizoondoleka za watu wa Papua Magharibi kuelekea kujiamulia. Tazama kishazi kilivyojengwa: watu wa Papua Magharibi, bila kigezo cha wanaishi wapi. Mwaka uliofuata, baada ya ujumbe wa mawaziri kwenda Jakarta na Papua, ujumbe ambao Vanuatu ilikataa kushiriki, viongozi walikutana Port Moresby na kuwaambia Wapapua waunde mwavuli mmoja unaojumuisha wote, kwa kushauriana na Indonesia, kisha waombe upya.

Sharti la mwavuli halikuwa baya. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Tarehe 25 Juni 1962, mjini Dar es Salaam, vyama vitatu vya Msumbiji, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana kuwa FRELIMO. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaanzisha Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam, nayo ikazidi kuvisukuma vyama viungane ili viweze kutambuliwa. Kufikia 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwaalika kama waangalizi wapigania uhuru waliotambuliwa na umoja huo wa Afrika. Hapo utambuzi wa kanda ulikuwa ufunguo wa utambuzi wa dunia.

Wapapua walifanya vivyo hivyo. Desemba 2014, Port Vila, makundi matatu yaliungana kuwa ULMWP: WPNCL, Jamhuri ya Shirikisho ya Papua Magharibi iliyotangazwa kwenye kongamano la Jayapura mwaka 2011, na Bunge la Kitaifa la Papua Magharibi. Tofauti kati ya Port Vila na Dar es Salaam imo katika maneno machache ya sharti la Port Moresby. Hakuna kikao cha Kamati ya Ukombozi kilichowataka FRELIMO waungane kwa kushauriana na Ureno. Maneno hayo ya kushauriana na Indonesia yanaingiza mamlaka ya mtawala ndani ya tendo la mtawaliwa la kujipanga, kama vile Ibara ya 18 ilivyofanya mwaka 1962. Kiima kile cha zamani kimerudi, safari hii kikiwa kimejificha katika kishazi cha namna.

Kishazi cha Honiara

Tumefika sasa katika tamko lenyewe. Linganisha kile ambacho kila upande ulipewa. Indonesia iliingia kama mwanachama mshiriki kwa niaba ya mikoa mitano inayohesabiwa kuwa ya Kimelanesia: Papua, Papua Magharibi, Maluku, Maluku Kaskazini na Nusa Tenggara Mashariki. ULMWP uliingia kama mwangalizi kwa niaba ya waishio nje. Dola ilipewa ardhi. Harakati ilipewa walioondoka katika ardhi hiyo. Maamuzi haya mawili yakisomwa pamoja yanagawa taifa moja kwa kigezo cha makazi: ukiwa Wamena, msemaji wako katika kanda ni Jakarta, ukiwa Port Vila au Oxford, msemaji wako ni ULMWP. Mtu huyohuyo akipanda ndege hubadilishiwa mwakilishi.

Kishazi hiki hakikuandikwa ovyo. Kilihitajika ili maamuzi mawili yasigongane. Chombo kinachoendeshwa kwa maafikiano kisingeweza kutamka kwamba Papua inawakilishwa na Jakarta na pia na ULMWP, kwa hiyo ikabidi watu wagawanywe ili viti viwili vipate nafasi. Na kilikuwa na chembe ya ukweli iliyokifanya kimezeke. Octovianus Mote, katibu mkuu wa ULMWP wakati huo, aliishi Marekani. Benny Wenda, msemaji wake, aliishi na bado anaishi Uingereza. Wanaosema hadharani kwa ajili ya Papua huishi ughaibuni kwa sababu kusema wakiwa nyumbani, na hata kupandisha bendera ya Nyota ya Asubuhi, kumewafunga wengi jela. Kishazi kilichukua makazi ya msemaji kikayafanya kuwa makazi ya wanaosemewa. Wakati huohuo, makundi mawili kati ya matatu yaliyounda ULMWP yalikuwa na mizizi yake ndani ya Papua, kati ya watu ambao tamko linasema hawawakilishwi.

Tuupime mfano huu kwa Namibia. Mwaka 1976 Baraza Kuu liliitambua SWAPO kuwa mwakilishi pekee na wa kweli wa watu wa Namibia. Viongozi wake wengi walikuwa uhamishoni Lusaka, Luanda na Dar es Salaam. Hakuna aliyeandika kwamba SWAPO inawakilisha Wanamibia wa ng'ambo. Uhamisho ulichukuliwa kuwa ushahidi wa ukandamizaji. Honiara iliusoma uhamisho kinyume, ikaufanya kuwa mpaka wa uwakilishi.

Kuna pia suala la idadi. Kutaja mikoa mitano kunasikika kama kueleza ukweli wa ramani, lakini mikoa ni kitu ambacho Jakarta pekee ndiyo huandika na kufuta. Mwaka 2022 bunge la Indonesia liliigawa Papua kutoka mikoa miwili hadi sita. Hesabu iliyokuwa imekaa katika tamko la kanda ikapitwa na wakati kwa sheria za mji mmoja. Kikundi kilichojenga utambuzi wake juu ya mgawanyo wa kiutawala kimemkabidhi mtawala kalamu ya kubadilisha ni nani anayetambuliwa.

Kighairi cha 2023

Agosti 2023 viongozi wa MSG walikutana Port Vila, na ombi la ULMWP la uanachama kamili likaamuliwa. Jibu lilikuwa kwamba hakukuwa na maafikiano. Tamko likaongeza kwamba uanachama ni wa dola huru peke yake, isipokuwa FLNKS, wenye nafasi maalumu. ULMWP ukabaki mwangalizi.

Muundo wa uamuzi huo ni kanuni ikifuatiwa na kighairi. Katika sheria kighairi huwa na sababu: tunasema fulani hahusiki na kanuni kwa kuwa hali yake ina sifa hii na ile, na mwingine mwenye sifa hizo anaweza kudai vivyo hivyo. Kighairi cha Port Vila hakina sababu. FLNKS umetajwa kwa jina, haukuelezwa kwa sifa. Kanuni yenyewe imeandikwa kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, ilhali historia ya kundi inasema kinyume: lilianza likiwa na Wakanaki ndani, kwa ajili ya Wakanaki, na kwa msingi kwamba watu wasio na dola wanaweza kukaa pamoja na dola. Kilichokuwa mzizi kimegeuzwa kuwa kasoro inayovumiliwa. Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko kukataliwa kwa ombi lenyewe, kwa sababu ombi linaweza kurudishwa, lakini chombo kilichoandika upya sababu ya kuwepo kwake kitachukua muda mrefu kujikumbuka.

Tamko hilohilo, pamoja na lile la Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki lililotolewa Tuvalu mwaka 2019, linahimiza ziara ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa nchini Papua. Viongozi wa Fiji na Papua New Guinea, Sitiveni Rabuka na James Marape, waliteuliwa kuwa wajumbe maalumu kwa Indonesia. Sidharau hatua hizo. Mtu anayeteswa hatakataa mkaguzi. Ila tuone zinavyohamisha suala. Lugha ya haki za binadamu humfanya Mpapua kuwa mwathirika anayestahili kutazamwa. Lugha ya kujiamulia humfanya kuwa mwenye uamuzi. Kati ya 2013 na 2023 matamko yamekuwa yakiongeza ya kwanza na kupunguza ya pili, na msomaji asiye makini atadhani uzito wa jumla umebaki palepale.

Upande wa pili, na maandishi ya Wapapua wenyewe

Haki inataka tuzisikilize hoja za Indonesia. Inasema ilirithi mipaka yote ya koloni la Uholanzi, hoja ambayo Afrika haiwezi kuicheka, kwani mwaka 1964 mjini Cairo viongozi wetu waliapa kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Inasema pia kwamba nchi za Melanesia zina watu wachache na Indonesia ina mamilioni ya raia wenye asili ya Kimelanesia. Lakini kanuni ya mipaka ni ya kuzuia dola kunyang'anyana ardhi; haijawahi kusema kwamba watu walioahidiwa kura kwa mkataba wanaweza kunyimwa kura hiyo. Ahadi ya Ibara ya 18 ilitolewa na Indonesia yenyewe, kwa sahihi yake, ikijua mipaka yote inayoidai.

ULMWP nao una maandishi ya kuhakikiwa. Tarehe 1 Desemba 2020 Benny Wenda alitangaza serikali ya mpito, yeye akiwa rais. Kwa umbo, tangazo hilo liliacha utanzu mmoja na kuingia mwingine: mwavuli huzungumza kwa niaba ya wanachama wake, serikali huzungumza kwa niaba ya raia wake. Wapiganaji wa msituni walilikataa mara moja, na mwaka 2023 mgawanyiko ukaingia hadi katika uongozi wa ULMWP. Ilikuwa pupa ya kueleweka, kwa watu waliochoka kuambiwa kwamba ni wa ng'ambo. Hata hivyo iliwapa wapinzani wao hoja ambayo Port Moresby iliisubiri: kwamba hakuna sauti moja ya kutambua. FLNKS nao ulitangaza serikali ya mpito mwaka 1984, ila mbele ya kanda uliendelea kutambuliwa kama mwavuli.

Wala tusidanganyike kwamba sentensi nzuri hutosha. Wakanaki walipata azimio lenye vitenzi vizito na kiti kamili, na bado kura tatu za 2018, 2020 na 2021 hazikuwapa uhuru. Ya tatu waliisusia wakiwa katika maombolezo ya janga la UVIKO-19, na Ufaransa ikaihesabu. Mei 2024, Ufaransa ilipotaka kubadilisha orodha ya wapigakura, Nouméa iliwaka moto. Lakini kwa sababu ya sentensi zile za 1986, Ufaransa inapotaka kubadilisha orodha ya wapigakura inalazimika kujibu Nouméa na New York, na jirani zake wa Melanesia wana haki ya kuuliza. Jakarta ilipoigawa Papua mwaka 2022 haikulazimika kumjibu yeyote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa marafiki wa Papua katika MSG ni ya uandishi, na inawezekana. Tamko lijalo litoe kishazi cha makazi, ULMWP uwakilishe watu wa Papua Magharibi, basi. Kighairi cha FLNKS kiandikiwe sababu, ili kigeuke kuwa kigezo: watu wa Melanesia ambao haki yao ya kujiamulia haijatimizwa, na ambao wameunda mwavuli wa pamoja. Maneno ya haki zisizoondoleka yaliyoandikwa Nouméa mwaka 2013 yarudishwe, na ziara ya Kamishna iandikwe chini yake, si mahali pake. Hakuna kati ya hayo linalohitaji jeshi wala fedha. Yanahitaji nchi moja yenye kura ya kuzuia maafikiano ikatae kutia sahihi sentensi mbovu, kama Ghana ilivyojaribu mwaka 1969 ikiwa mbali zaidi na yenye sababu chache zaidi za kujali. Vanuatu, ambayo kwa miaka mingi imewapa Wapapua makazi na jukwaa, ina kura hiyo mkononi, na ni wajibu wake kuitumia.